Tanga Linalovaa Soksi

Kirushya, Ngara
2 Juni 2024

Mke wangu mdogo Consolatha,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Najua shikamoo yako iko njiani na basi, na basi likiharibika Nyakanazi italala huko na wenye malori. Shuleni walitufundisha barua ianze na dhumuni. Mimi niliachia darasa la nne, dhumuni sikulifikia, kwa hiyo naanza na picha.

Picha uliyotuma imefika. Konda Bulugu aliileta mwenyewe, bahasha ikiwa na alama ya kidole chake cha mafuta ya sambusa. Bibi yako Bonifasia aliitazama akauliza, "Huyu mtoto amesimama chini ya khanga ya nani?" Na kweli, tanga gani hilo? Matanga ya wavuvi wa Kizinza nayajua, yana viraka kama suruali yangu. Hilo lako ni jekundu na njano, limevimba kama tumbo la mkwe siku ya kwanza ugenini, na wewe uko chini yake mdogo kama kifaranga.

Unasema Kapteni Bartholomayo ana mashua yenye vitanda na jiko. Haivui samaki, haibebi mkaa, kazi yake ni kuwazungusha ziwani watu wanaolipa ili wachelewe kufika. Unasema ulikwenda huko Mwanza kupika, na sasa unajifunza matanga. Hapo nilisimama, Consolatha. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutawala maji zaidi ya yale ya kwenye ndoo.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa jirani yetu Ndayisaba. Palikuwa na mtungi wa rubisi. Unajua tunavyokaa pale: kila mtu na mrija wake, na mwenye jambo alilolifanya anasimama anajivuga, anataja ushujaa wake, wengine wanaitikia. Mimi jambo la kwangu la mwisho lilikuwa kuezeka paa, na lilishaisha ladha. Nikasimama na la kwako. Nikainua picha, nikasema, "Mjukuu wangu wa kike amelitia ziwa kamba puani!" Ndayisaba, ambaye tangu wazee wake wavuke kutoka Burundi hajawahi kukubali neno langu hata moja, alinyamaza. Nilikishiba kimya kile kuliko pombe.

Sasa nieleze vizuri mnyama huyo, ili Jumapili ijayo niongeze sifa.

Mumeo mkongwe,
Frednand Nzeyimana

*

Mwanza
11 Juni 2024

Babu yangu, shikamoo. Na bibi mpe ya kwake kabla hujamaliza kusoma, maana najua huwa unasahau.

Babu, umewaambia nini hao watu? Mimi sijalitia ziwa kamba puani. Tanga unaloliona pichani aliliinua Kapteni. Mimi niliambiwa nisimame pale nipigwe picha kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka jikoni na aproni yangu ni nyeupe.

Nakueleza, lakini usiongeze chumvi. Tanga hilo linaitwa spinaka. Ni la upepo unaotoka nyuma. Halilingani pande zake: ukingo mmoja mrefu, mwingine mfupi. Pembe ya mbele inafungwa kwenye pua ya mashua, na pembe ya nyuma ina kamba mbili, moja inapita kulia, moja kushoto. Kwa kamba hizo ndipo unaliamuru. Halipandi likiwa wazi, lingekuchukua kabla hujajiandaa. Linapanda likiwa ndani ya soksi ndefu mpaka juu ya mlingoti, halafu unavuta soksi juu, na tanga linafunguka kwa kishindo, mashua yote inashtuka. Kuliteremsha ni hivyo hivyo kinyume chake: unarudisha soksi chini mpaka limezwe.

Tuko wawili tunaojifunza, mimi na Derick, kijana wa Biharamulo. Derick ameshaupata usukani vizuri. Mimi nataka matanga. Mwezi wa saba *Taratibu* (ndilo jina la mashua yetu) inakwenda Bukoba, na upepo wa kusi wa msimu huu utatoka nyuma karibu njia yote. Kapteni amesema: atakayeweza kuliinua spinaka, kuligeuza upande na kuliteremsha bila yeye kugusa kamba, huyo ndiye atakuwa baharia wake wa matanga, na atatafutwa mpishi mwingine. Nisipoweza, sufuria zinanisubiri. Hakuna aibu kwenye sufuria, babu, lakini mimi nimeshaonja kule juu.

Kwa hiyo ninyamazie kwanza. Nikishaliweza, jivuge hata mpaka Nyakisasa.

Mjukuu wako (mke yuko hapo ndani anakusikia),
Consolatha

*

Kirushya
20 Juni 2024

Mke mdogo,

Umechelewa. Mdomo wangu ulishatangulia. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshajivuga mara ya pili, na mara hii nilikushindanisha na Wazungu wawili na Mganda mmoja. Wote uliwaacha nyuma.

Na sasa kuna jambo. Ndayisaba amepata ulimi wake. Amesema mbele ya wote, "Frednand, wewe hujivugi ya kwako, unavuga ya mtoto wa kike aliye mbali, kwenye maji ambayo hatuyaoni. Ikija kuwa si kweli?" Nikamjibu, kwa sauti, maana nilikuwa karibu na mtungi, "Ikiwa si kweli vunjeni mrija wangu." Unajua maana yake. Anayejivuga uongo mrija wake unavunjwa, anakaa mlangoni anapewa pombe kwenye kopo, kama mpita njia aliyeomba maji. Nimenyonya mtungi ule na mrija tangu nikiwa na meno.

Kwa hiyo, mama, usishindwe. Na mimi sitakuacha hivi hivi, nitakufundisha.

Nimelisoma hilo tanga lako mara nyingi na nimelifahamu: ni fahali. Lina nguvu, halina akili, linataka kwenda. Mimi nilipokuwa kijana nilipeleka fahali mnadani Nyakanazi kwa miguu, fahali wa mtu wa Nyakisasa aliyekuwa na tabia kama za Ndayisaba. Hakunitoroka. Siri ni hii: kamba usiishike tu kwa vidole kama unashika rozari. Izungushe kwenye kiganja, mara mbili, ikaze. Mnyama akijua kwamba wewe na kamba ni kitu kimoja, anatii. Kapteni hawezi kukuambia hili, Wazinza ni watu wa samaki, samaki hafungwi kamba.

Bonifasia anasema nisikufundishe nisichokijua. Nimemwambia apike.

Mwalimu wako,
Babu Frednand

*

Mwanza
30 Juni 2024

Shikamoo babu,

Mambo huku ni mazuri. Mazoezi yanaendelea. Mwandiko usikushangaze, mashua inayumba.

Msalimie bibi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Consolatha

*

Mwanza, kwenye mashua *Taratibu*
2 Julai 2024

Mzee Frednand Nzeyimana, shikamoo.

Hatujuani, ila kwa sifa zako nimekujua. Mimi ndiye Bartholomayo, Mzinza, mtu wa samaki.

Mjukuu wako hajui kwamba nakuandikia. Mwandiko uliouona ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji. Juzi tulikuwa nje ya ghuba na upepo wa kawaida. Alilifungua tanga vizuri sana, nilifurahi. Kisha nikaona amezungusha kamba kwenye kiganja mara mbili. Nikapiga kelele, upepo ukatangulia. Tanga lilijaa, likamvuta kutoka alipoketi mpaka ukingoni, na kamba ikaondoka na ngozi ya kiganja. Derick aligeuza mashua, kamba ikalegea. Kamba ingevuta kidogo tu zaidi, angepoteza vidole.

Kamba ile, mzee, haizungushwi mkononi. Inazungushwa kwenye ngoma ya chuma iliyokaa ubavuni mwa mashua, ngoma ndiyo inayobeba nguvu, na mkono unashika mkia wake tu, tayari kuachia. Nilimfundisha hivyo siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alikataa kusema. Hospitali tukiwa tunasubiri, akasema, "Kuna mtu ambaye hajawahi kutorokwa." Derick ndiye aliyenionyesha barua yako ya fahali.

Nimemrudisha jikoni mpaka apone. Sijaamua kuhusu Bukoba.

Naomba kitu kimoja kwa heshima zote: acha kumfundisha baharia wangu kwa barua.

Bartholomayo

*

Kirushya
9 Julai 2024

Mdogo wangu Kapteni, marahaba.

Barua yako niliisoma mwenyewe, halafu Bonifasia akanisomea tena kwa sauti, polepole, akirudia alipopapenda. Siku hiyo sikupewa chakula cha jioni, nilipewa barua yako.

Nakujibu kwa mafupi. Kosa ni la fahali wangu, si la mtoto. Alisikia maneno mawili, lako na langu, akalichagua la babu yake. Hilo nalo ni la kuadhibiwa? Kama unataka kumwacha jikoni kwa sababu hawezi, mwache. Lakini usimwache kwa sababu yangu, maana mimi siko kwenye mashua yako na wala sipandi, hata ukinilipa.

Ndani ya bahasha kuna barua yake. Usiifungue. Nanyi watu wa samaki mna vidole vyepesi.

Frednand Nzeyimana,
aliyestaafu ualimu

*

Kirushya
9 Julai 2024

Consolatha, mama yangu,

Kwa hiyo mashua inayumba.

Huna haja ya kunificha. Kapteni wako ameniandikia, usimkasirikie. Bibi yako analia na kunituhumu kwa zamu. Nimeona haya mpaka masikioni. Wewe ulinyamaza hospitali ili nisionekane mpumbavu, na mimi huku nilikuwa kwenye mtungi nawapiga Waganda kwa jina lako.

Jumapili nilikwenda kwa Ndayisaba kabla ya watu kujaa. Nikasimama. Nikasema, "Nilijivuga la uongo. Mtoto hajalishika tanga. Na mkono wake ameuchuna kwa ushauri wangu." Nikautoa mrija mtungini mwenyewe, nikauvunja kwenye goti. Ulitoa mlio mdogo kuliko nilivyotarajia. Ndayisaba hakucheka, na hilo liliniuma zaidi, maana nilikuwa nimeandaa matusi ya kumjibu. Alinijazia kopo, akanionyesha mlango.

Rubisi ya kwenye kopo ina mabua, ujue. Ndiyo kazi ya mrija, kuyaacha chini. Natafuna pombe yangu kama ng'ombe.

Ushauri sina tena. Mnyama huyo simjui, Consolatha. Nilisema namjua kwa sababu sikupenda uende mahali ambapo sina la kukuambia. Sasa umeshafika hapo. Msikilize Mzinza wako, na usipomsikiliza yeye, usikilize mkono wako, umelipia.

Kama kidonda hakijapona na Bukoba ikapita, rudi na sufuria zako tutakupokea kwa vigelegele. Mimi nitapiga vya kwangu kutoka mlangoni.

Babu

*

Bukoba
27 Julai 2024

Babu, shikamoo. Na bibi, shikamoo, najua hii utaisoma wewe kwanza.

Naandika kwa mkono wa kulia. Tazama mwandiko.

Kapteni alinichukua kama mpishi. Alisema hivyo wazi gatini, mbele ya wageni wetu, na mimi nikapanga sufuria. Siku ya kwanza tulitembea na matanga ya kawaida, tukalala kwenye maficho ya kisiwa cha Maisome. Asubuhi upepo ukaja kutoka nyuma, wa sawasawa, ziwa limechanwa mistari kama shamba lililolimwa jana. Kapteni akanywa chai, akaweka kikombe, akasema, "Mimi nashuka kulala. Derick yuko kwenye usukani. Tanga liko ndani ya mfuko wake." Akashuka. Akajilaza na miwani usoni, babu. Nani analala na miwani?

Derick akaniambia, "Mke wa mzee, unangoja nini? Ugali?"

Nikalitoa. Nilizipitisha kamba zote mbili nje ya kila kitu, nikazikagua kwa vidole, kisha nikazikagua tena. Nikalipandisha likiwa ndani ya soksi yake. Nilipovuta soksi juu, tanga lilifunguka kwa kishindo kile kile, na mkono wangu wa kulia ukajificha nyuma ya mgongo wenyewe. Sikuutuma. Nikauita kama mtoto, ukarudi. Nikaizungusha kamba kwenye ngoma ya chuma, nikashika mkia wake.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimekijua mimi. Si fahali. Ukilikaza linakasirika, mashua inalala ubavu na haiendi. Unaliachia. Unaliachia taratibu, kamba inatoka, mpaka ukingo wake wa mbele unaanza kujikunja kama sikio la mbuzi anayesikiliza. Hapo unavuta kidogo, sikio linanyooka. Unaachia tena, unavuta kidogo. Kazi yote ni hiyo, kutazama sikio. Mashua ilikimbia, babu, na mle ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia wageni wakimenya machungwa.

Tulipokipita kisiwa cha Bumbire ilibidi kuligeuza upande wa pili ili tuelekee Bukoba. Unaachia kamba hii mpaka tanga linaruka mbele ya pua kama bendera, kisha unalivuta kwa kamba ya pili, haraka. Mimi sikuvuta haraka. Mkono ulikumbuka. Tanga likajisokota kwenye waya wa mbele, likabanwa kiunoni, likawa matumbo mawili. Mgeni mmoja akasema, "Ilitakiwa iwe hivyo?" Derick akasema, "Ndiyo, ni mtindo mpya."

Nilitaka kumwita Kapteni. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikaona kamba nyingine zote ziko sawa, hakuna aliyeumia, na kilichosokotwa na upepo wa upande huu kinaweza kusokotolewa na upepo wa upande ule. Nikamwambia Derick, "Rudisha mashua kama ilivyokuwa. Polepole." Akarudisha. Tanga likafikiri, likajizungusha, mzunguko mmoja, na mwingine, likaachia. Tukaligeuza tena upya. Mara hii nilivuta mpaka mabega yakalia. Likaja lote, zima, upande wa pili.

Karibu na Bukoba nilimwambia Derick aupe upepo mgongo zaidi, ili tanga kubwa la kawaida lilifichie spinaka upepo. Nikaachia kamba ya kuvutia yote, yote kabisa, nikateremsha soksi. Likamezwa.

Kapteni akapanda juu, miwani yake imeacha alama puani. Akasema, "Chai iko wapi?" Derick akajibu, "Kapteni, mpishi huna. Aliyekuwepo yuko kwenye matanga." Mzee wa watu akatutazama mmoja mmoja. Kisha akashuka akapika chai mwenyewe. Mbaya sana, babu, ilikuwa na moshi. Niliinywa mpaka majani.

Jivuge sasa. Ni kweli.

Consolatha,
baharia wa matanga, *Taratibu*

*

Kirushya
6 Agosti 2024

Baharia,

Bulugu alishuka kwenye basi akiwa ameishika barua yako juu kama katekista aliyeshika msalaba. Sijui alijuaje. Nadhani aliifungua. Nimemsamehe.

Tuliisoma nyumbani, halafu Bonifasia akaichukua akaenda nayo mwenyewe kwa Ndayisaba. Yeye ambaye hajawahi kukanyaga pale ila kuja kunitoa. Alisoma mbele ya mtungi tangu shikamoo mpaka majani ya chai. Alipofika kwenye matumbo mawili, Ndayisaba alisahau kunyonya, mrija ukamning'inia mdomoni. Alipofika kwenye tanga kuachia, wazee wazima walipiga makofi kama watoto wa komunio ya kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni na kopo langu. Nilikuwa na kitu jichoni, ni yale mabua.

Ndayisaba akainuka akanikatia mrija mpya, mrefu, wa heshima. Akasema, "Frednand, rudi ndani. Mtoto amekuthibitisha." Nikaukataa. Usishtuke, sikuwa nimelewa. Nilimwambia, nililolisema mwezi wa sita lilikuwa uongo siku niliyolisema, na mtoto kuja kulifanya kweli hakunifanyi mimi kuwa mkweli. Na la pili: hili la Bumbire si langu. Nimejivuga kwa mdomo wangu jambo la mkono wako mara mbili, na mara zote mbili nililiharibu. Anayelijua lile sikio la mbuzi ni mmoja.

Pakawa na ubishi. Ndayisaba akasema mwanamke hajivugi, haijawahi kuonekana. Bonifasia akamgeukia, "Mimi nimeishi na Frednand tangu ujana. Kama si kujivuga kwenu kuwa kwa wanaume tu, ningekuwa nimewamalizia mtungi." Mrija ule niliokataa akauchukua yeye, akaja nao nyumbani. Ameuloweka kwenye maji, anayabadilisha kila asubuhi, kwa sababu mrija mkavu hupasuka. Ni wako.

Njoo Krismasi. Ndizi za mtungi huo nimeshazichagua, ziko mgombani bado, nazisalimia nikipita. Njoo na mkono wako wa kulia, watu wauone kiganja. Ukiingia usinisalimie. Nitakuwa nimekaa mlangoni na kopo langu, nitakutazama kama mtu nisiyekujua, nami nitauliza kwa sauti kubwa mpaka Nyakisasa wasikie, "Huyu ni nani anayeingia na mrija?"

Hapo ndipo uanze.

Babu yako,
Frednand Nzeyimana